Kumwagilia na Kutunza Nyasi Zilizopandwa Karibuni

(Maongezi mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Garissa)

Tumeombwa tuseme machache juu ya nyasi, na hasa juu ya zile siku 40 za kwanza baada ya mbegu kuingia ardhini.

Pengine mzee mmoja hapa anajiuliza, nyasi nazo zinahitaji mkutano? Si mvua ikinyesha zinaota zenyewe? Zamani ilikuwa hivyo, mzee, hatubishi. Lakini mnakumbuka wenyewe. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa, mmoja baada ya mwingine. Katika nchi kavu ya Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Ile iliyobaki ilikula nyasi mpaka mzizi. Halafu Novemba 2023 mvua ikaja kwa nguvu, na tena Aprili na Mei 2024, mto Tana ukafurika na mashamba ya kando yakakaa chini ya maji. Maji yalikuwepo, ndiyo, lakini mahali pengi yalikuta ardhi haina tena mbegu ya nyasi. Kilichoota ni magugu, na ule mti wa mathenge.

Ndiyo sababu vikundi vingi sasa vimeanza kupanda nyasi kwa mkono, na tunawapongeza. Mbegu mnanunua, nyingine inatoka mbali kama Kiboko kule Makueni, mahali watafiti wa serikali wamefanya kazi ya nyasi za nchi kavu kwa miaka mingi. Mbegu hiyo si ya bei rahisi. Kikundi kikipoteza mbegu ya msimu mmoja, mara nyingi mfuko wa kikundi hauna pesa ya kununua nyingine mpaka mwaka ujao. Na ng'ombe wa maziwa hamngojei mwaka ujao, wala mtoto anayekunywa yale maziwa.

Sasa, tunapotembelea mashamba tunaona jambo moja ambalo linatusikitisha. Nyasi nyingi hazifi kwa kukosa kuota. Zinaota vizuri, kikundi kinafurahi, watu wanapiga picha, na baada ya wiki tatu au nne zimekwisha. Zinaisha kwa njia mbili: maji yaliyomwagwa bila mpango, na meno ya mbuzi. Tutaanza na maji.

Tushike kwanza hesabu ndogo. Wanaopima mvua husema milimita. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya mraba wa mita moja kwa mita moja. Basi mtungi mmoja wa lita 20, ukiumwaga sawasawa juu ya mita nne za mraba, umeleta mvua ya milimita 5. Garissa kwa wastani tunapata milimita kati ya 300 na 400 hivi kwa mwaka mzima. Kwa hiyo ukimwagilia milimita 5 kila siku kwa siku 70, umelinyeshea shamba lako karibu mvua ya mwaka mzima. Hii inawaonyesha ni kazi gani mnaibeba mgongoni.

Chukueni kipande cha mita 10 kwa mita 10. Milimita 5 hapo ni mitungi 25 kwa siku. Kikundi cha watu ishirini na watano, kila mtu mtungi mmoja, inawezekana. Kikundi cha watu kumi wenye punda wawili, inawezekana pia. Lakini eka moja? Eka moja kwa milimita zile zile 5 ni kama mitungi 1,000. Kwa mkokoteni wenye pipa la lita 200 ni safari 100, kila siku. Hakuna punda wa namna hiyo, na hakuna mama wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba mtamwagilia eka tatu kwa mitungi. Kama hamna pampu na mfereji kutoka mtoni, basi cha kumwagilia ni kipande kidogo, kiwe shamba la mama la kutoa mbegu. Eka zile kubwa zipandwe kwa mvua. Tutarudi huko.

Haya, kabla ya maji, mbegu. Hesabuni mbegu 100, zifungeni katika kitambaa chenye unyevu juu ya sahani, ndani ya nyumba, kwa siku 14. Kila siku nyunyizeni kidogo. Zikiota chini ya 30, mpande mara mbili ya kile mlichopanga, au mrudishe mbegu kwa aliyewauzia. Na mjue kwamba mbegu iliyovunwa juzi, hasa ya ile nyasi yenye kichwa cha manyoya kama mkia wa mbweha, ambayo wataalamu huiita Cenchrus ciliaris, bado imelala. Ikikaa miezi sita hivi katika gunia mahali pakavu huamka vizuri zaidi. Wengi wameilaumu mbegu kumbe ilikuwa usingizini tu.

Kiasi cha kawaida ni kama kilo 2 kwa eka. Kwa kipande chetu cha mita 10 kwa 10 ni gramu 50, lakini kwa shamba la mama wekeni hata gramu 100. Mbegu hizi ni nyepesi, upepo wa Garissa mnaujua. Changanyeni na mchanga mkavu kwenye karai, mrushe asubuhi kabla upepo haujaamka. Zisizikwe. Sentimita moja inatosha, mbili ni mwisho. Mbegu ndogo ikifukiwa kama mahindi haina nguvu ya kufika juu. Burureni tawi juu yake, halafu kanyageni kwa miguu ili mbegu ishikane na udongo.

Sasa hapo kwenye udongo kuna siri ya kwanza. Siku moja kabla ya kurusha mbegu, lowesheni kipande mpaka maji yaende chini kiasi cha shibiri moja. Tumieni mitungi hata 100 kwa siku mbili kama inawezekana. Mkifanya hivyo, chini kuna akiba, na ninyi mtakuwa mnalinda unyevu wa juu tu. Mkipanda katika udongo mkavu halafu mkaanza kunyunyiza, maji yale machache yananyonywa chini na mbegu inabaki na kiu.

Baada ya kupanda, kwa siku 14 hivi, kanuni ni maji kidogo mara nyingi. Mitungi ile 25 igawanywe mara mbili: nusu saa kumi na mbili asubuhi, nusu saa kumi na moja jioni. Mbegu zinaanza kuota kuanzia siku ya tano, nyingine zinachelewa mpaka siku ya kumi na nne. Katika muda huo udongo wa juu usikauke kabisa. Mbegu ikishapasuka na kutoa kile kidole cheupe, ikikauka mchana mmoja tu, imekufa, na hakuna maji ya jioni yatakayoifufua. Kwa hiyo zamu iandikwe. Ijumaa ni ya nani, siku ya soko ni ya nani, siku ya mazishi ni ya nani. Tumeona vikundi vyenye zamu nzuri ya siku sita, na siku ya saba kila mtu alidhani mwenzake ameenda.

Maji hayamwagwi kwa mdomo wa mtungi. Hili tunalisema kwa sauti. Mtungi ukiinamishwa unachimba shimo, mbegu zinaogelea mpaka pembeni, na mwisho una nyasi nyingi kwenye kona moja na upara katikati. Mpira wa pampu ni mbaya zaidi. Kama hamna keni ya kumwagilia, chukueni mkebe wa mafuta ya kupikia, utoboeni matundu mengi chini kwa msumari mwembamba, uwe kama mvua ya manyunyu. Tone kubwa lina ubaya mwingine pia: kwenye udongo wetu laini wa kando ya Tana linapiga juu mpaka panashikana kama chapati kavu. Miche inasukuma kutoka chini, haipiti. Mkiona udongo umeinuka vipande vipande kama kuna mtu anagonga mlango, ndiyo hao. Lowesheni taratibu, msivunje kwa jembe.

Funikeni juu kwa nyasi kavu kidogo au matawi, kiasi cha kuona bado udongo kwa chini. Kivuli hicho kinapunguza jua la saa saba na kinaficha mbegu kwa ndege na kwa chungu wanaozibeba kwenda shimoni. Msitumie matawi ya mathenge yenye maganda. Mtakuwa mnapanda adui wenu kwa mkono wenu.

Sasa siri ya pili, na hii ndiyo wengi wanaikosa. Nyasi zikishaota na kufika urefu wa kidole, karibu wiki ya tatu, ule mpango wa kunyunyiza kila siku lazima ubadilike. Mkiendelea kunyunyiza kidogo asubuhi na jioni, mizizi inakaa juu juu, kwa nini iteremke wakati chakula kinaletwa mlangoni? Siku mtakayochelewa, au punda akiugua, jua litaichoma yote kwa siku mbili. Lazima mizizi ifundishwe kufuata maji chini.

Mnafanyaje bila kuongeza kazi? Gawanyeni kile kipande katika mistari minne ya mita 10 kwa mita mbili na nusu. Mitungi ni ile ile 25 kwa siku. Lakini leo yote 25 iende mstari wa kwanza, kesho wa pili, kesho kutwa wa tatu, mpaka wa nne, halafu mnarudi mwanzo. Kila mstari sasa unapata milimita 20 mara moja kwa siku nne, badala ya milimita 5 kila siku. Mgongo wa mama umebeba mzigo ule ule, ila maji yameenda chini zaidi. Msiruke ghafla. Wiki ya tatu anzeni kwa kugawa mara mbili, siku moja nusu hii, siku ya pili nusu ile. Wiki ya tano ndipo mwende kwenye mistari minne. Ikifika wiki ya nane, kama mizizi imeshika, hata wiki moja inaweza kupita bila maji.

Mtajuaje kama maji yametosha? Saa moja baada ya kumwagilia, ingizeni kijiti au chimbeni kwa kidole. Kama chini ya kidole kizima udongo bado ni mkavu, mmenyunyizia vumbi tu. Na asubuhi tazameni majani. Yakijikunja kama karatasi saa sita mchana, si kitu, hata sisi tunajikunja saa hiyo. Yakiwa bado yamejikunja saa kumi na mbili asubuhi, nyasi zina kiu ya kweli.

Maji yenyewe yanatofautiana. Ya Tana yana tope, yaacheni yatulie kwenye pipa usiku mmoja, la sivyo matundu ya mkebe yataziba. Visima vingine, hasa kule Wajir, vina chumvi. Mkiona ukungu mweupe juu ya udongo baada ya maji kukauka, miche midogo haitavumilia. Changanyeni na maji ya mvua mkiweza, au mpande wakati wa mvua tu. Na jambo moja hatutaki lisahaulike: bwawa likianza kukauka na akina mama wameanza kupanga foleni, nyasi zisipewe maji. Tumesikia ubishi wa namna hii katika vikundi, wengine wakisema pesa za mbegu zitapotea. Na zipotee. Mtungi wa kunywa hautolewi kwa majani.

Palizi. Kwa wiki tatu za kwanza msiguse. Miche ya nyasi na ya magugu inafanana sana, na ukiling'oa gugu unaondoka na nyasi tatu zilizoshikana nalo. Sisi tunashauri hivi: siku ya kupanda, chukueni mkebe wenye udongo uliochemshwa au kuchomwa kidogo ili kuua mbegu nyingine, mpande humo konzi ndogo ya mbegu zenu, uwekwe kwa mwenyekiti. Kinachoota humo ndicho mtoto wenu, mtazameni sura. Chochote cha sura nyingine shambani ni mgeni. Wiki ya nne, baada ya kumwagilia, udongo ukiwa laini, ng'oeni wageni kwa mkono. Jembe likae nyumbani.

Mbolea ya boma ni nzuri lakini isiwe mbichi. Mbuzi na ng'ombe wanakula maganda ya mathenge, na mbegu zake zinapita tumboni zikiwa nzima, tayari kuota. Mti huo uliletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, na mnaona umefika wapi, sehemu kubwa kwa tumbo la mbuzi. Mbolea irundikwe, iloweshwe, igeuzwe, iive miezi mitatu. Na hata hivyo, kila mche wa mathenge utakaouona shambani ung'oe siku hiyo hiyo, maana ukifika goti hautoki tena kwa mkono.

Viwavi jeshi vinaweza kuja baada ya mvua nzuri. Tembeeni shambani asubuhi mapema na jioni. Vikiwa vichache vinaokotwa kwa mkono. Vikiwa jeshi kweli, mpigieni afisa wa kilimo siku hiyo, si baada ya mkutano wa Jumamosi.

Basi tumefika kwa mbuzi. Hapa watu wanacheka, lakini ndipo vikundi vinapovunjika. Miezi miwili imepita, nyasi zimefika goti, zinapepea kijani kibichi, na nje ya ua ni Jilaal, hakuna kitu. Mwanachama mmoja ana ng'ombe amezaa, hasimami vizuri. Anasema, mwacheni aingie kidogo, ni mmoja tu. Nani atamkatalia? Na akiingia yeye, kesho yule mwingine ana ngamia mgonjwa, na keshokutwa ua liko wazi.

Fahamuni kinachotokea. Nyasi changa ikivutwa na ulimi wa ng'ombe haikatiki, inang'oka yote na mzizi. Fanyeni jaribio: shikeni shina kwa vidole, mvute kama ng'ombe anavyovuta. Likitoka na mzizi, bado. Likikatika na mzizi ukabaki, nyasi imeshika. Hata ikishika, msimu wa kwanza iacheni itoe mbegu na mbegu ianguke. Hii ni kama miezi mitatu au minne. Baada ya hapo kateni kwa mundu, mkiacha kiganja kizima cha shina juu ya ardhi, kama sentimita 10, ili ichipuke tena. Mifugo kuingia wenyewe, ngojeeni mpaka msimu wa pili.

Na yule ng'ombe aliyezaa? Hatusemi afe. Sheria iandikwe kabla ya mbegu kuingia ardhini, wakati hakuna mwenye njaa, na isomwe mbele ya wazee. Iseme kwamba mnyama haingii, lakini nyasi zinaweza kutoka: mzigo mmoja wa mkono kwa mnyama aliyezaa au mgonjwa, unakatwa na watu wawili wa kamati, kutoka mstari uliokwisha kushika, na unaandikwa daftarini. Iseme faini ni nini. Na iseme kwamba mwenyekiti naye ana mbuzi. Tunalisema hilo kwa heshima, wenyeviti, lakini mnajua mbuzi wa nani huonekana ndani ya ua mara ya kwanza. Ua lenyewe liwe la miiba, liwe nene chini, maana mwana-mbuzi haruki, anapenya.

Tuseme kidogo juu ya eka zile kubwa za mvua, maana wengine wenu hamna hata kisima karibu. Huko maji yenu ni yale yanayokimbia juu ya ardhi yakapotea lagani. Chimbeni matuta ya nusu mwezi, mdomo ukitazama upande wa juu maji yanakotoka, yapishane kama matofali ya ukuta. Tifueni ndani, rusheni mbegu wiki moja au mbili kabla ya Gu au Deyr, yaani mwisho wa Machi au mwanzo wa Oktoba, mkisikiliza taarifa za hali ya hewa. Mbegu inangoja salama kuliko mche. Manyunyu mawili halafu jua wiki mbili yataua baadhi, ndiyo maana msirushe zote siku moja. Wekeni theluthi akiba. Kule Baringo kazi ya kurudisha nyasi kwenye ardhi iliyokuwa imekufa ilianza mwaka 1982, na waliofanikiwa ni wale waliofunga ardhi na kukubaliana lini ifunguliwe. Leo watu huko wanauza nyasi na mbegu. Hapa Garissa mjini nako nyasi zinauzwa kwa mikokoteni, kwa hiyo soko mnalijua.

Mwalimu mmoja ameuliza kuhusu uwanja wa shule, apande zile nyasi laini za mapambo za nyanda za juu. Mwalimu, zile nyasi za Kikuyu zimezoea baridi na mvua nyingi, hapa zitakunywa maji ya wanafunzi wako. Panda zile zile za malisho pembeni, watoto wajifunze hesabu ya milimita, na katikati acha mchanga wacheze mpira.

Haya, jua halijawa kali bado. Kipande cha majaribio kiko nyuma ya ghala, kina wiki tatu leo. Wenye mikebe iliyotobolewa wajeni nayo, na kila kikundi kimtoe mtu mmoja avute shina tuone kama limeshika.